Kifo Alichokitunga Kamil

Kila siku akitoka shule, Kamil alikuwa na kazi moja kabla hajagusa chakula. Anapanda lifti mpaka ghorofa ya tisa, anavua koti, halafu anavuka korido kwenda kumsomea Bi Hinda barua zake. Bi Hinda alikuwa na miaka themanini na macho yake yalishachoka. Kazi hiyo Kamil alipewa na bibi yake, Nanima Sughra, na Nanima akishasema, kimesemwa.

"Kamil, umeshakwenda kwa jirani?"

"Nimechoka, Nanima," Kamil alijibu kwa Kiingereza.

"Miguu ya miaka kumi na miwili haichoki. Nenda."

Hiyo ilikuwa Etobicoke, magharibi mwa Toronto, Novemba 2013. Familia ya Kamil ilitoka Tanga. Bi Hinda alitoka Poland, naye ni Myahudi. Alipokuwa mtoto, Wanazi wa Ujerumani waliiteka nchi yake, wakawasaka Wayahudi nyumba kwa nyumba na kuwaua, wakubwa kwa watoto.

Mwezi huo Mwalimu Chelagat aliwapa wanafunzi kazi. Kila mmoja amuulize mtu mzima aliyepitia vita, aandike alichosikia. Insha moja itasomwa ukumbini Ijumaa jioni mbele ya wazazi. Kamil hakutafuta mbali.

Bi Hinda alikubali, ila kwanza akawasha feni, na nje baridi inauma.

"Pakiwa kimya siwezi kusimulia," alisema. "Tulijificha nyuma ya ukuta wa mbao, kwenye karakana ya seremala mmoja Mkristo. Mimi, mama, baba na mdogo wangu. Miezi kumi na tisa. Msumeno ukilia, tunaongea. Msumeno ukinyamaza, na sisi tunanyamaza. Ukitaka kukohoa, unakohoa ndani ya mto."

"Halafu?"

"Mdogo wangu akashikwa na homa. Baba akatoka kutafuta dawa."

"Akarudi saa ngapi?"

"Hakurudi. Mdogo wangu alipona bila hiyo dawa."

"Baba walimkamata?"

"Sijui, mwanangu. Mpaka leo sijui."

Kamil aliandika yote hayo. Kesho yake, kwenye basi la shule, akamsomea rafiki yake Alykhan. Alykhan akapiga miayo.

"Yaani walikaa tu? Hakuna hata bunduki? Kaka, watu watakoroma humo ukumbini!"

Maneno yale yalimchoma. Tena zilikuwa siku kumi za mwanzo za Muharram. Kila jioni familia ilikwenda msikitini kusikiliza majlisi, msomaji akisimulia mateso ya Imam Hussein, mjukuu wa Mtume, na watu wake waliouawa kule Karbala. Kamil aliwaona watu wazima wakilia, hata baba yake. Akajiambia, kumbe hadithi nzuri ni ile inayoliza watu. Akachukua kalamu, akaongeza. Aliandika kwamba askari walimkamata baba yake Bi Hinda pale pale mlangoni, wakampiga risasi, akafa akiita, "Hinda! Hinda!"

Mwalimu Chelagat, akiisoma ile insha, alipofika hapo alivua miwani, akafuta macho. "Ijumaa utasoma wewe," alisema.

Bi Hinda aliposikia kwamba habari yake itasomwa ukumbini, alifurahi kupita kiasi. Alikwenda kutengeneza nywele, na kila aliyepanda naye lifti aliambiwa. Alhamisi, Kamil alipokuja, akamwambia, "Leo barua ziache. Nisomee yako."

"Nimeisahau shuleni."

"Bibi yako amesema unayo hapo mfukoni."

Hakukuwa na pa kutokea. Kamil akasoma. Alipofika kwenye risasi sauti ilimpungua, lakini akasoma mpaka mwisho. Bi Hinda hakulia.

"Hayo nani alikwambia?"

"Hakuna mtu. Niliongeza."

"Kwa nini?"

"Ili watu walie."

"Miaka sabini sijui baba yangu alifia wapi," Bi Hinda alisema taratibu. "Mama yangu amekufa hajui. Mimi nimejizuia maisha yangu yote nisimtungie kifo, maana siku nikimtungia, nimeacha kumtafuta. Wewe umemtungia kwa mistari mitatu." Akainuka kwa shida, akafungua mlango. "Nenda kwenu. Kesho siji."

Nanima alikuwa jikoni anachambua mchele. Kamil akamweleza yote, tena kwa Kiswahili chake cha kuungaunga.

"Lakini Nanima, msikitini si watu wanalia?"

"Wanalilia kilichotokea," Nanima alisema. "Juzi hukumsikia msomaji? Alisema, 'Habari hii wengine wanaisimulia, mimi sikuipata vitabuni, kwa hiyo siisomi.' Watu wameshatoa leso, yeye akaiacha. Unadhani hakupenda walie?"

"Sasa nifanye nini?"

"Mimi ndiye niliyetunga? Mdomo unao."

Ijumaa asubuhi Kamil alimsubiri mwalimu mlangoni pa darasa. "Mwalimu, ile risasi niliitunga mimi. Bi Hinda hajui kilichompata baba yake."

Mwalimu Chelagat alimtazama. "Nilikuamini, Kamil. Andika upya. Bi Hinda akikubali, utasoma. Akikataa, hakuna atakayesoma, na utawaeleza wenzako kwa nini."

Wenzake walipokwenda kucheza, yeye aliandika. Saa kumi jioni akabisha kwa Bi Hinda. Kimya. Akabisha tena. Kimya. Basi akasimama pale pale koridoni, akaanza kusoma kwa sauti kubwa.

Mlango wa pili ukafunguka. Khatijabai, jirani wa upande ule, akatoa kichwa. "Wewe mtoto, umechanganyikiwa? Unausomea mlango?"

Kamil alitamani sakafu immeze, lakini hakuacha. Alisoma habari za msumeno na habari za mto. Akasoma: "Baba yake alitoka kutafuta dawa. Hakurudi. Bi Hinda hajui alifia wapi. Mimi niliandika kwamba najua. Nilisema uongo, na namwomba msamaha."

Kitasa kikazunguka. Bi Hinda alisimama mlangoni na nywele zake zilizotengenezwa.

"Ngoja nivae koti," alisema.

Ukumbini Kamil alisoma vile vile, bila kupunguza hata ule mstari wa uongo wake. Hakuna aliyelia. Hakuna aliyekohoa pia. Alipomaliza, Bi Hinda alisimama, ameshika kiti cha mbele.

"Watoto, kuna watu mpaka leo wanasema tuliyofanyiwa hayakutokea," alisema. "Wanatafuta uongo mmoja tu katika maneno yetu. Wakiupata, watasema yote ni uongo. Kwa hiyo ukisimulia habari za watu walioteswa, sema unachokijua. Usichokijua, sema hukijui, hata kama hadithi itapoa."

Akamgeukia Kamil, akamwekea mkono begani.

"Baba yangu hana kaburi. Pale mnaposema 'hatujui', hapo ndipo alipo. Mwachieni nafasi yake. Msiijaze."