Gauni la Vipimo vya Marehemu

"Fundi, mbona linanibana mabegani?"

"Vuta pumzi kidogo, Mwalimu. Kitambaa kipya hicho, kitazoea."

"Kitazoea nini? Hebu nitazame miguuni!"

Fundi cherehani akatazama. Gauni la harusi, alilolishona kwa mikono yake mwenyewe, lilikuwa limeishia katikati ya miundi ya mchumba wake kama limetafunwa na panya. Kiunoni linapwaya, mabegani linalia. Na harusi ni Jumamosi.

Akageukia meza. Vipimo vya Mwalimu alikuwa ameviandika kwa chaki pembeni, kama afanyavyo siku zote, na bado vilikuwepo, vinamkodolea macho. Hakuwa amevisoma. Alishika mkasi, na mkono ukaenda wenyewe njia uliyoizoea.

Mwalimu alikuwa mwanamke mrefu, wa kufundisha watoto wa chekechea, asiyedanganyika kirahisi. Akaliangalia joho la bluu la kwaya lililoning'inia msumarini nyuma ya mlango. Joho fupi, la mwanamke mnene kidogo.

"Umemkatia nani hili gauni?"

Fundi akaanza kuokota vipande vya kitambaa sakafuni.

"Nijibu, baba."

"Mkono umeteleza."

"Mkono hautelezi kuanzia begani mpaka miguuni. Hili ni la marehemu mkeo."

"Mwalimu, naomba..."

"Simwonei wivu marehemu. Lakini siwezi kusimama madhabahuni nimevaa mwili wa mtu mwingine."

Akalivua nyuma ya pazia, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya cherehani. Aliondoka bila kishindo, na hilo ndilo lililomuuma Fundi zaidi. Angebamiza mlango, angalau.

Jioni ujumbe ukaingia:

"Sijavunja harusi. Nataka tu kujua unanioa mimi, au umechoka kula peke yako."

Akaandika, "Ni wewe." Akafuta. Akaandika, "Nisamehe." Akafuta. Chumbani mwake mlikuwa na viti viwili, na kimoja kilikuwa kikibeba vitambaa tangu marehemu aondoke.

Simu ikaita. Dada yake.

"Kaka, wifi amenipigia. Umefanya kituko gani tena?"

"Nimeharibu kitambaa."

"Kitambaa au mtu? Hebu nenda kanisani ukapige magoti."

"Kanisani kwa nani? Kwa yule mzee wa kanisa aliyeniambia mke wangu kuzimikiwa mashine ya hewa ni mapenzi ya Mungu? Jenereta ya hospitali haikuwa na mafuta, dada. Gari la bwana mkubwa wa hospitali lilikuwa nayo tele, nililiona likitoka getini. Na ndio hao hao wanaokaa viti vya mbele."

"Hasira zako zimekuwa mke wako wa pili. Basi funga ndoa na hizo!"

Dada akakata simu.

Ijumaa mchana Fundi akamfuata Mwalimu kanisani, alikokuwa akifuta mabenchi kwa ajili ya harusi ambayo haikuwa na uhakika. Akasimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Hakuwa ameingia humo tangu mazishi.

"Ingia. Mabenchi hayang'ati."

"Nikuulize kwanza. Na wewe unasema yale yalikuwa mapenzi ya Mungu?"

Mwalimu akaacha kufuta.

"Mungu hakuiba mafuta, Fundi. Aliyeiba ana jina na ana ofisi. Usimbebeshe Mungu mzigo wa wezi."

Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Akaingia, akakaa benchi la nyuma.

"Sasa Yeye alikuwa wapi?"

"Na mimi nilimuuliza hivyo hivyo, nimelipakata jeneza la binti yangu, dogo kama sanduku la viatu. Sijajibiwa mpaka leo. Ila siku moja nikainua macho, nikautazama msalaba ule. Pale hayupo bwana mkubwa. Pale yupo mtu aliyeuawa na wakubwa, na mama yake amesimama anaona, hana la kufanya. Nikasema, basi huyu ananijua. Uchungu haukuisha, lakini niliacha kulia peke yangu. Unadhani kwa nini nilianza kupita kibandani kwako kila jioni? Nilisikia unavyokohoa ili kuficha kilio. Asiyewahi kulia vile asingesikia."

"Siwezi kumsahau, Mwalimu."

"Nani kakwambia usahau? Yesu alifufuka na matundu ya misumari mikononi. Aliyeshinda kaburi angeshindwa kufuta makovu? Aliyaacha, akamwambia rafiki yake ayaguse."

Fundi akalia, kilio kibaya cha mtu mzima, kamasi na kwikwi. Mwalimu hakumnyamazisha. Alipomaliza kulia, Fundi akaivuta futi yake ya kupimia kutoka shingoni.

"Simama nikupime."

"Kanisani?"

"Hapa hapa. Na leo nasoma."

Akapima polepole, akitaja kila kipimo kwa sauti kama mtoto wa chekechea. Mwalimu akacheka mara ya kwanza tangu juzi.

"Gauni jipya hatuliwahi," akasema. "Kuna kitambaa cha kuongezea?"

"Cheupe kimeisha."

"Kuna cha bluu msumarini."

"Lile joho? Rangi mbili, Mwalimu, mshono utaonekana."

"Uonekane."

Jumamosi upande wa bwana harusi alikaa dada peke yake, benchi zima tupu. Mwalimu alipoingia na gauni jeupe lenye pindo pana la bluu na mabega ya bluu, minong'ono ikapita kama upepo. Mzee wa kanisa akamwinamia Fundi.

"Fundi mzima, kitambaa kikakuishia?"

"Hakikuniishia, mzee. Hiyo bluu ni ya mke wangu. Yule uliyesema Mungu alimtaka."

Mzee akajiinua, akarudi kwenye kiti chake cha mbele.

Mwalimu akafika mbele, akasimama kando ya Fundi, akamnong'oneza:

"Linanikaa?"

Fundi akamtazama kuanzia begani mpaka miguuni, taratibu, kama anayesoma chaki.

"Linakukaa wewe," akasema.