Syombua Anangoja

Kila alasiri, sare za shule zikishavuliwa na kutundikwa, Nzilani na jirani yake Nthambi walichukua mitungi, wakamswaga punda na kushuka mtoni. Mto wenyewe, nje kidogo ya Kithyoko, haukuwa na maji ya kuonekana. Kiangazi kilikuwa kimeacha mchanga mtupu, na aliyetaka maji alichimba. Kisima cha mchangani cha familia zao mbili kilikuwa kimeingia chini hata kumzidi mtu mzima kimo. Nthambi, mwepesi kama mbuzi, ndiye aliyeshuka na kata kujaza ndoo. Nzilani alibaki juu kuvuta kamba na, zaidi ya yote, kuchunga kingo. Mchanga ukianza kumeguka hata kidogo, alitakiwa kupiga kelele ili mwenzake atoke upesi.

Kule chini mtu haoni chochote ila kipande cha anga. Kwa hiyo walijiwekea desturi yao. Kila baada ya muda Nthambi aliita, "Uko?" Naye Nzilani alijibu, "Niko!"

Kazi ikiisha, walikaa kivulini wakacheza mchezo wa mashujaa kwenye simu kuukuu ya mama yake Nzilani. Nzilani alikuwa mwenye ngao. Nthambi alikuwa mwenye mkuki, shujaa aliyempa jina Syombua. Walikuwa wamefika kwa jitu la mawe, ambalo haliangushwi ila kwa Pigo la Pamoja: Syombua anainua mkuki, mwenye ngao anamkinga, kisha wachezaji wawili wanabonyeza kwa wakati mmoja, kila mtu upande wake. Kidole kimoja kikichelewa, pigo limepotea. Wao walichelewa kila mara, wakachekana na kulaumiana mpaka punda akachoka kungoja.

"Usiliguse bila mimi," Nthambi alisema. "Hilo jitu ni letu sisi wawili."

Nzilani aliahidi, na ahadi hiyo akaivunja Ijumaa moja akiwa amesimama ukingoni mwa kisima. Nthambi alikuwa chini, ndoo ilikuwa inachelewa kujaa, na simu ilikuwa mfukoni. Nzilani akawaza, kwani siwezi kubonyeza pande zote mbili mimi mwenyewe? Akaitoa. Syombua akainua mkuki. Sauti ikatoka chini, "Uko?" Nzilani aliisikia, lakini kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Vidole vyake vyote viwili vilikuwa kazini. Sauti ikaja tena. Halafu mchanga ukaporomoka kwa kishindo kizito, na kimya kikafuata.

Yowe alilopiga Nzilani lilimleta mbio Kioko, jirani aliyekuwa akinywesha punda wake karibu. Alimkuta Nthambi amefukiwa mpaka kifuani, akamchimbua kwa mikono. Nthambi alitoka akiwa hai, lakini mguu wake ulikuwa umevunjika.

Ajabu ni kwamba kijiji kizima kilimsifu Nzilani. "Kama si huyu mtoto, leo tungekuwa tunazika," Kioko alisema kanisani, na watu wakapiga makofi. Lawama zote zilimwangukia Nthambi. Mama yake, Kamanthe, alimwambia kila mgeni aliyekuja kumjulia hali, "Nimemkanya mara ngapi asichimbe chini ya ukuta wa mchanga? Masikio yake ni ya pambo tu!" Nzilani alisikia hayo yote, akanyamaza.

Tangu hapo hakupata amani. Mwalimu akiita majina asubuhi, neno "niko" lilimkwama kooni. Akichota maji ya kunywa, kata ikigonga sehemu ya chini ya pipa, alisikia mtu akiuliza: uko? Alijaribu kuufungua ule mchezo ili asahau kidogo. Kumbe ulikuwa umesimama palepale alipouacha. Syombua alikuwa mbele ya jitu, mkuki juu, akingoja kidole cha msichana aliyelala nyumbani na plasta mguuni. Nzilani alizima simu, akaiwasha tena, na Syombua bado alikuwa pale. Aliogopa kama aliyeona mzimu, akaitumbukiza simu ndani ya gunia la mbaazi. Hata ikiwa humo, alijua mkuki haujashushwa.

Jumamosi ya wiki iliyofuata wanawake wa mwethya, kikundi cha kijiji cha kazi za pamoja, walipanga kukijengea kile kisima ukuta wa mawe. Nzilani alipita kwanza kwa kina Nthambi.

"Karibu, mwokozi wetu!" Kamanthe alisema. "Keti nikupe uji."

Hapo Nzilani akashindwa kuvumilia. "Mama Nthambi, mimi si mwokozi," alisema, machozi yakimtoka. "Nthambi hakuchimba ukuta. Mimi nilikuwa nacheza na simu. Aliniita na sikumjibu."

Kamanthe aliweka kikombe chini. Nthambi, aliyekuwa amenyoosha mguu kwenye mkeka, hakushtuka hata kidogo.

"Najua," alisema. "Nilikuita mara mbili."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja useme wewe."

Kamanthe alienda mlangoni akasimama akiwapa mgongo. Aliporudi, sauti yake ilikuwa nzito. "Nthambi, mwanangu, nimekugombeza bure. Unisamehe." Kisha akamgeukia Nzilani. "Na wewe, niko na hasira na wewe, sitakudanganya. Mtu akishuka shimoni anakuachia wewe macho yake. Ukiyapeleka kwingine, umemwacha kipofu huko chini. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Usimwache mwenzako abebe kosa lako na mguu umevunjika. Lakini umekuja mwenyewe na umesema, hilo nimeliona. Haya, futa machozi twende. Kuna mawe ya kubeba."

Nzilani alibeba mawe mpaka viganja vikatoka malengelenge, na hakulalamika.

Mguu ulichukua muda kupona. Siku Nthambi aliposhuka tena, kisima kilikuwa na ukuta imara pande zote, lakini Nzilani alisimama ukingoni vilevile, kamba mkononi, macho kwenye mchanga. Simu alikuwa ameiacha nyumbani. Syombua angengoja mpaka kazi iishe, wakae kivulini wote wawili.

"Uko?" sauti ikatoka chini.

Nzilani alijibu kwa nguvu, hata punda akageuza kichwa.

"Niko!"