Mkono wa Fundi Ndani ya Mashine

Haya yalimpata fundi wa mashine za kufulia, rafiki yangu, na si mtu wa porojo.

Mchana mmoja aliitwa na mama mwenye mashine ndogo iliyogoma kuzunguka, iliyobanwa kwenye kona ya bafu lisilo na dirisha.

"Niliinunua rahisi, na miaka tisa haijanisumbua," mama alisema. "Usiniulie, fundi."

"Mimi naponya, mama. Wanaoua ni wenzangu."

Akachomoa plagi, akaitia mfukoni mwa shati asije mtu akawasha. Mara umeme ukakatika, giza likawa totoro. Akazamisha mkono wa kulia, ule unaomlisha, ndani ya pipa la kufulia, akipapasa kilichokwama.

Pipa likazunguka. Mfupa ukalia kah! kama kuni kavu, kisha tena. Fundi akapiga mayowe. Mama akaja na nyundo, akaitwanga mashine mpaka bati likapasuka, nayo inazunguka tu, inanguruma polepole.

Ilipomwachia, mama akawasha mshumaa. Mkono ulikuwa umesokotwa kama shuka lililokamuliwa, bila tone la damu. Grisi ya miaka ishirini ya kazi ilikuwa imetoka yote vidoleni, na kucha zote tano zilikuwa zimekatwa, fupi, sawasawa.