Aliyelala Juu ya Maua

Maua hayakulala. Hilo ndilo jambo la kwanza lililomkwaza fundi saa, ingawa siku ile alilipuuza kama mtu anavyopuuza jino linaloanza kuuma.

Mkewe alikuwa amejitupa katikati ya maua ya porini, mwili mzima, na hakuwa mwanamke wa kupeperushwa na upepo. Kochi la nyumbani kwao lilikuwa limebonyea upande wake tangu watoto wakiwa wadogo. Lakini alipoinuka na kujikung'uta gauni, pale alipokuwa amelala palikuwa vilevile. Ya manjano, meupe na ya zambarau, yote yamesimama wima kana kwamba hakuna aliyeyagusa. Tena yalikuwa yamemgeukia yeye, na jua lilikuwa upande mwingine.

Fundi saa akamwonyesha. Mkewe akacheka, akasema hata maua yanamjua mzuri, basi baba watoto naye ajifunze.

Safari ilikuwa ya mkewe. Alikuwa fundi cherehani, na kwa miaka mingi ukutani juu ya cherehani yake palikuwa na picha ya nyangumi aliyoikata kwenye kalenda. Kila watoto walipougua, kila karo ilipodaiwa, alikuwa akiitazama ile picha na kusema siku moja. Mtoto wa mwisho alipoolewa, mumewe akafunga kibanda chake cha saa, wakafunga safari hadi pwani hii ambako nyangumi hupita na maua huchanua msimu mmoja.

Mlinzi wa hifadhi akawafuata mbio. Walidhani atawagombeza kwa kuacha njia, maana vibao vilikuwa wazi. Hakugombeza. Aliuliza tu kama mama alisinzia pale, na alipoambiwa kidogo, akatazama chini. Akawashauri waondoke leo leo, wasilale. Fundi saa alipotaka sababu, yule mlinzi alijibu kwamba wengine waliulizwa sababu, wakaieleza, wakaonekana wendawazimu, na yeye ana familia ya kulisha.

Mke akagoma. Aje mpaka huku, arudi hajamwona nyangumi? Mumewe akamtazama usoni, akashindwa kusema hapana.

Alasiri hiyo, chumbani kwenye nyumba ya wageni, mke alijilaza. Fundi saa alikaa dirishani akisafisha darubini waliyoazimwa. Masikio yake yalizoea kusikiliza vitu vidogo. Maisha yake yote alikuwa ameishi kwa kusikiliza. Ndiyo maana alisikia kimya. Mkewe hakuwa akipumua. Akasimama, akamwinamia, akaweka kiganja puani, hakuna kitu, na kabla hajapata sauti ya kuita mtu, kifua cha mkewe kilipanda polepole, kikajaa kuliko kifua cha binadamu kinavyojaa, kisha ikatoka pumzi moja ndefu, nzito, yenye unyevu, iliyotikisa pazia, na chumba kizima kikanuka maua yaliyooza ndani ya mafuta ya samaki.

Mke akafumbua macho, akauliza mbona anamkodolea.

Kesho yake walipanda gengeni, juu ya bahari, pamoja na wageni wengine kuangalia nyangumi. Bahari ilikuwa tupu. Watu walianza kunung'unika, na mke akasema anakuja mama na mwanawe. Wakaja. Akasema nyuma yao yuko mzee mwenye kovu mgongoni. Akaja, na kovu lake. Wageni wakashangilia, mmoja akamwita mtabiri. Kisha wale nyangumi wakainua vichwa vyao majini, wakatulia wima wakilitazama genge, na wakati wenzake wakipiga picha, fundi saa aliona kuwa hawaangalii watu. Wanamwangalia mkewe. Na mkewe, midomo imefumbwa, alikuwa akilia machozi bila kukunja uso.

Kuanzia hapo alianza kumtoka mkononi. Hakula. Shuka zake zililoa maji ya chumvi. Alisahau mtoto wa pili anaitwaje, akakumbuka, akasahau tena. Daktari aliyeitwa kutoka mjini alimpima, akasema moyo mzima, damu nzima, labda uchovu wa safari. Fundi saa akaamua potelea mbali, akamfunga mkanda kwenye gari na kuwasha kuelekea nyumbani, lakini walipovuka tu mpaka wa hifadhi mkewe aliacha kupumua, na safari hii hakuna pumzi iliyofuata, midomo ikageuka rangi ya jivu, vidole vikakakamaa kwenye mlango wa gari, naye akiendesha huku akimpiga makofi mashavuni na kumsihi, mpaka alipogeuza gari na kurudi kwa kasi, ndipo ile pumzi kubwa ikatoka na kuacha ukungu kwenye vioo vyote.

Jioni hiyo mkewe alikaa kitandani akijipapasa kifua kama mtu anayekagua mali.

"Nyumba nzuri hii," akasema, kwa sauti iliyotoka chini sana. "Ina vyumba vingi."

Fundi saa hakuthubutu kusogea. Kisha ikaja sauti ya mkewe mwenyewe, nyembamba, kama inatoka nyuma ya ukuta.

"Baba watoto, usiniache naye. Amenisukuma pembeni. Ninabanwa."

Akamshika mikono, akamwahidi hatamwacha. Lakini macho yaliyomtazama yalikuwa yameshageuka tena, yakisubiri kwa upole amalize kuongea.

Mwenye nyumba ya wageni, mama mmoja aliyekuwa akisikia kila kitu na kujifanya hasikii, akamwambia kuna mtu. Akamleta mganga. Hakuwa na kilemba wala hirizi. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kupaka nyumba rangi, na alikuja na matone ya rangi nyeupe kwenye viatu. Alimtazama mgonjwa akiwa mlangoni, hakuingia kwanza. Akamvuta fundi saa kando.

"Sikudanganyi, kaka," akanong'ona. "Huyu aliyemwingia nilishamtoa mara moja kwa mtu mwingine. Na mpaka leo sina hakika kama nilimtoa."

Fundi saa akamuuliza kama kuna njia nyingine. Mganga akasema ipo: amwache hivyo hivyo, na kabla msimu wa maua haujaisha hatabaki na mke hata wa kuzika. Akampa kazi moja tu. Kiumbe hicho kitakapotoka kitapita mlangoni kama upepo. Afunge mlango papo hapo, na asifungue, hata kikimwita kwa sauti gani, hata kikimlilia.

Walianza mchana kweupe, jua likiwa utosini. Mganga alizungushia kitanda maji na chumvi, akafukiza ubani, akasoma kwa sauti ya chini isiyokoma, na kadiri alivyosoma ndivyo yule mwanamke alivyovuta pumzi kwa kurefusha, mpaka moshi wote wa chumbani ukaingia puani mwake, mpaka vioo vya dirisha vikalia, mpaka mbao za kitanda zikakunjika katikati, na mganga akapiga magoti jasho likimtoka lakini hakuacha kusoma, ndipo pumzi ile ikaachiwa yote kwa mkupuo, ikapita usoni mwa fundi saa ikiwa na baridi ya kilindini, ikatoka nje.

Akaubamiza mlango. Akateremsha komeo.

Kimya. Kisha kitu kikagusa mlango kwa nje, taratibu, kama mtu mwenye mikono iliyolowa.

"Baba watoto." Ilikuwa sauti ya mkewe. "Fungua. Nimetoka mimi."

Mganga akatikisa kichwa: asifungue.

Sauti ikaanza kulia. Ikamtajia mtoto wao aliyefariki kabla ya kupewa jina, ambaye habari zake hawakuwahi kumweleza mtu yeyote, na wimbo ambao mama yake alimwimbia usiku ule mmoja. Mkono wa fundi saa ukaenda kwenye komeo. Mganga akaushika, akamwambia kiumbe kilichokaa moyoni mwa mtu hujua kila kilichomo moyoni.

Fundi saa akageuka nyuma. Kitandani mkewe alikuwa amekaa, nywele timutimu, akipumua pumzi fupi za kawaida, za kibinadamu. Rangi imemrudi usoni. Akamnyooshea mkono.

"Baba watoto, nina njaa."

Maneno hayo aliyasubiri kuliko kitu chochote duniani. Mkono wake ukaliacha komeo. Huko nje sauti iliita tena, na tena, ikiwa mbali zaidi kila mara, ikishuka upande wa maua, halafu upande wa maji, mpaka ikasikika pumzi tu.

Walirudi nyumbani. Walipovuka mpaka wa hifadhi, mke alikuwa anamenya chungwa. Alirudi kwenye cherehani, akashona vizuri kuliko zamani. Aliwakumbuka watoto wote kwa majina. Dada yake alipokuja kuwatembelea alisema pwani imemrudisha usichana, akamwonea wivu. Hakukosea neno hata moja, hakusahau hata mzaha mmoja, na fundi saa aliponenepa watu walisema ndoa hiyo imebarikiwa.

Yeye tu ndiye aliyekuwa akikaa macho kitandani, akisikiliza.

Siku moja, mchana, wakiwa wawili tu sebuleni, alishindwa. Aliweka chini saa aliyokuwa akiitengeneza, akauliza polepole, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia.

"Wewe ni nani?"

Mwanamke akasimamisha cherehani. Hakushtuka, hakuonekana kuudhika. Alimtazama kwa huruma ambayo mkewe, kwa mapenzi yake yote, hakuwahi kuwa nayo.

"Mimi ndiye uliyebaki naye," akasema. "Tulikuwa wawili kwako siku ile, mmoja ndani, mmoja nje. Ukachagua. Sitakuumiza, baba watoto. Nimeshapazoea hapa."

Kisha akainuka, akaenda jikoni, akarudi na chai, akaiweka mbele yake ikiwa na sukari kiasi anachopenda. Fundi saa akaitazama. Akakishika kikombe, akanywa.

Angefanya nini?