Alute na Mwalimu wa Ushauri

Kila asubuhi Dina alikoroga uji wa uwele, na mume wake Laurenti alikamua ng'ombe. Mtoto wao Alute alishika ndama na kuimba. Alikuwa kijana mrefu wa darasa la saba katika shule ya kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Sepuka. Sauti yake iliwaamsha majirani, hata wale wasiotaka kuamka.

Kisha Alute akaacha kuimba. Uji akawa anaunywa nusu. Alikwenda chooni mara kwa mara, na alipotoka uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Unaumwa, mwanangu?" Dina alimwuliza.

"Siumwi, mama. Nimechoka tu."

Jioni moja Alute alimwendea baba yake.

"Baba, naomba niache shule. Niende Itigi kwa mjomba, nikarine asali."

Laurenti aliweka kibuyu cha maziwa chini.

"Mtihani uko karibu, na wewe unataka nyuki? Shule imekufanya nini?"

Alute angejibu nini? Alikuwa anakojoa damu. Mkojo ulimchoma, na mwishoni ulikuwa mwekundu. Alikuwa anaogopa kufa. Lakini aliogopa zaidi kusema.

Alikuwa amejaribu kumwuliza rafiki yake, Fabiano, kwa kuzunguka.

"Kuna mtu anakojoa damu," alisema. "Afanye nini?"

Fabiano alishtuka.

"Mwambie huyo mtu afunge mdomo! Watasema ni kisonono. Watasema ametembea na wanawake. Atafukuzwa shule siku hiyo hiyo."

"Je, akimwambia Mwalimu Antipasi?"

"Mwalimu Antipasi?" Fabiano alicheka. "Basi apande juu ya paa la shule atangaze mwenyewe. Ni mamoja."

Mwalimu Antipasi alikuwa mwalimu wa ushauri. Alikuwa amehudhuria semina mjini Singida, akarudi na moto. Alipewa chumba karibu na ofisi ya mwalimu mkuu. Kwa bahati mbaya, fimbo za shule zilihifadhiwa humo humo. Mwanafunzi aliyeonekana mlangoni pale aliulizwa na wenzake, "Umechapwa ngapi?"

Lakini fimbo hazikuwa tatizo kubwa. Tatizo kubwa lilikuwa paredi. Mwalimu Antipasi alitaka kuwatia moyo wanafunzi. Kwa hiyo mtu akienda kwake kwa ushauri, kesho yake alimsifu mbele ya shule nzima.

"Ndugu wanafunzi!" alisema siku moja. "Jana ndugu yetu Yeremia alikuwa shujaa. Alikuja kunieleza kwamba bado anakojoa kitandani. Mpigieni makofi matatu ya kijamaa!"

Pa! Pa! Pa!

Mwalimu alitabasamu. Alidhani amefanya jambo jema, na kwa kweli nia yake ilikuwa njema. Maskini Yeremia! Tangu siku ile aliitwa Kitanda, na tangu siku ile hakuna mwanafunzi aliyekwenda tena kwa mwalimu wa ushauri. Mwalimu akamwambia mwalimu mkuu kwamba shule yetu haina matatizo.

Jirani ya Dina alikuwa Damari, Bibi Maendeleo wa kata. Dina alimfuata akiwa amekata tamaa.

"Mwenzangu, mtoto ananikaukia ndani ya nyumba. Hebu zungumza naye wewe."

Damari alimkuta Alute akichambua alizeti.

"Shikamoo, Bibi Maendeleo."

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kukuuliza una nini." Alikaa akaanza kuchambua naye. "Nataka kujua jambo moja tu. Mwanafunzi wa shule yenu akiwa na shida, anakwenda kwa nani?"

Alute alifikiri.

"Anakwenda kwa rafiki yake."

"Na rafiki asipojua?"

"Anakaa nayo."

"Kwa nini haendi kwa mwalimu wa ushauri?"

Alute alimweleza yote: fimbo, paredi, makofi na Yeremia. Damari hakucheka.

"Mtu akitafuta msaada," alisema, "haangalii cheo kwanza. Anajiuliza maneno yake yatafika wapi. Nyinyi hamna makosa. Ngoja nimwone mwalimu."

Kesho yake alikwenda shuleni. Mwalimu Antipasi alimpokea vizuri, lakini aliposikia habari yenyewe alikasirika.

"Mimi ninawasifu, wao wananikimbia?"

"Mwalimu, wewe ungependa daktari akusifu sokoni Ikungi kwa ugonjwa wako?"

Mwalimu aligeuka akaziangalia fimbo pembeni. Alikuwa mtu mwenye haraka, lakini hakuwa mtu mbaya.

"Basi nifanye nini?"

"Kwanza, toa fimbo humu. Pili, usikae ukingoja waje. Nenda waliko: bustanini, uwanjani, njiani. Anayeonekana akitembea na mwalimu haulizwi maswali. Na ukiambiwa jambo, libaki kwako. Kama mtoto yuko hatarini, na lazima umwambie mtu mwingine, mwambie mtoto mwenyewe kwanza."

Jumatatu Mwalimu Antipasi alisimama kwenye paredi.

"Ndugu wanafunzi, nilikosea. Nilisema hadharani mambo niliyoambiwa faragha. Yeremia, nisamehe. Kuanzia leo, nitakaloambiwa halitasikika hapa."

Wanafunzi walitazamana. Kusema ni rahisi, kila mtu anaweza kusema. Wakati wa mapumziko walikutana nyuma ya choo cha wavulana.

"Tumpime," alisema Fabiano. "Nitampelekea shida ya uongo. Akiitoa, tutajua."

"Shida gani?" aliuliza Alute.

"Nitasema ninaogopa kuku."

Basi Fabiano alimfuata mwalimu bustanini, akainamisha kichwa kwa huzuni kubwa, akamweleza jinsi kuku wanavyomtisha. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. Alimwuliza hofu hiyo ilianza lini. Alimshauri aanze na vifaranga. Fabiano nusura aangue kicheko.

Wiki nzima walitega masikio. Kwenye paredi, kimya. Walimu wengine walipopita karibu na Fabiano, hakuna aliyelia kokoriko. Hata mke wa mwalimu, aliyefuga kuku wengi, alimsalimu Fabiano kama kawaida.

"Ameshika siri," alisema Fabiano. Hakuwa anacheka tena.

Siku ile ile, baada ya kazi, Alute alitembea na Mwalimu Antipasi kuelekea nyumbani. Mwalimu hakumharakisha.

"Mwalimu, ninakojoa damu. Lakini sijatembea na mwanamke. Haki ya Mungu!"

"Ninakuamini," alisema mwalimu. "Alute, wewe uko zamu ya kumwagilia bustani?"

"Ndiyo. Tunaingia lamboni na madebe."

"Maji yanafika wapi?"

"Magotini."

Mwalimu alisimama.

"Huenda hiki ni kichocho. Mimi si daktari, ni lazima upimwe. Lakini kichocho si ugonjwa wa aibu. Mgonjwa akikojoa majini, mayai ya vijidudu yanaingia majini. Vijidudu vinakua ndani ya konokono. Kisha vinatoka na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Kina dawa, na watu wanapona."

Alute alilia. Alilia kwa furaha, na hakujali kuonekana.

"Naomba ruhusa yako," alisema mwalimu. "Nimwombe daktari awapime wote wa zamu ya bustani. Jina lako halitatajwa."

"Sawa, mwalimu."

Daktari alikuja na hadubini yake. Wavulana walipanga mstari, kila mmoja na kikopo chake. Alute aligeuka nyuma akamwona Fabiano, amekishika kikopo kwa mikono miwili. Mkojo ulikuwa mwekundu.

"Na wewe?" Alute alinong'ona.

"Tangu Pasaka," alisema Fabiano. "Nilidhani niko peke yangu."

Hawakuwa wawili tu. Wengi wa zamu ile walikuwa na kichocho. Walipewa vidonge shuleni bila majina kutajwa, wakapona. Wanakijiji walijenga jukwaa la magogo lamboni, ili wachotaji wasikanyage maji. Walichimba vyoo karibu na bustani, na kukojoa lamboni kukapigwa marufuku. Alute alibaki shuleni. Asubuhi aliimba tena, na majirani wakaanza tena kulalamika.

Lakini Dina alikuwa bado hajui mwanawe alikuwa na nini. Alikuwa amemwona akirudi na Mwalimu Antipasi siku ile, basi alimfuata mwalimu.

"Mwalimu, mtoto wangu alikuambia nini?"

"Mama Alute, Alute yuko salama. Hilo nakuhakikishia. Mengine mwulize mwenyewe."

"Mimi ni mama yake!"

"Ndiyo, mama. Ndiyo maana namwachia akwambie yeye."

Dina alirudi nyumbani amefura. Alimwambia mume wake kwamba mwalimu yule ana kiburi. Usiku ule, wakati wa kula, Alute aliwaeleza wazazi wake yote, kuanzia damu mpaka vidonge. Laurenti alimshika bega mwanawe.

"Na mwalimu alijua haya yote tangu siku ile?" Dina aliuliza.

"Alijua, mama."

"Na mimi nilimbana vile, asiseme?"

"Hakusema."

Tonge la ugali lilipoa mkononi mwa Dina.

"Yule mtu ana kifua," alisema.

Asubuhi hakukoroga uji. Alijifunga khanga safi, akamwachia Laurenti mwiko, akaenda shuleni kumwona mwalimu wa ushauri. Alikaa huko muda mrefu, akarudi amechangamka.

Alikwenda kusema nini? Laurenti aliuliza, Damari aliuliza, hata sisi majirani tuliuliza. Mpaka leo hakuna anayejua.