Magamba Chini ya Friji

Friji ya maabara pale Homa Bay ilikuwa wazi. Chupa mbili za dawa ya saratani hazikuwamo, na kopo la dawa za maumivu lilikuwa limezolewa zima zima. Inspekta Beverly Magige alipiga magoti, akaokota magamba ya mbuta sakafuni.

"Mnapika samaki humu, Daktari?"

"Hapana." Daktari Mokua, mkuu wa maabara, alikuwa na hasira. "Huu ni utafiti, Inspekta. Seli za saratani ya tumbo zilikuwa hazisikii dawa kabisa. Tulipochanganya na dawa ya maumivu, ile ya dukani, zikafa."

"Nani anajua?"

"Wafanyakazi wote. Tulisherehekea kwa soda."

Mwizi wa kuuza angetia chupa mfukoni akatokomea. Magamba yalimwonyesha Magige kwamba huyu alikuja na sanduku la barafu la samaki, maana alijua dawa hiyo ikipata joto inaharibika.

"Nani huwaletea dawa kutoka Kisumu?"

"Dereva wetu, Chrispine. Mkewe anauza mbuta sokoni. Leo ameomba ruhusa, mamake anaumwa huko Osiri."

"Anaumwa nini?"

"Saratani ya tumbo," Mokua alisema. Alitangulia mbio kwenye gari.

Walimkuta Chrispine kando ya kitanda cha mamake, sanduku miguuni. Beseni lilikuwa na matapishi yenye damu nyeusi.

"Umempa nini?" Mokua aliuliza.

"Tembe tu. Kiganja kizima. Hiyo ya chupa ni ya sindano, tunangoja nesi."

"Kwa hivyo ni wewe uliyeiba," Magige alisema.

"Ni mimi, Madam. Sikatai. Lakini muulize Daktari hizo seli zilitoka kwa nani. Ni za mama. Nilizibeba mimi mwenyewe hadi maabara. Zimekufa, mkanywa soda. Mama akaambiwa dawa zimeshindwa, aende nyumbani. Sasa hiyo dawa ni ya nani?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Uchungu wa mzazi nao ulimlemea Chrispine akawa mwizi.

"Kisahani cha maabara hakina tumbo, Chrispine," Mokua alisema polepole. "Hakitoki damu. Kipimo cha dawa kinachomfaa mtu bado tunakitafuta. Hizo tembe zimemchubua tumbo."

Chrispine alilia waziwazi.

"Mbebe, tunaenda hospitali," Magige aliamuru. "Pingu zitangoja."

Kutoka kitandani, mamake Chrispine, Mama Benta, alimshika Inspekta mkono.

"Dawa bado iko baridi?"

Magige aligusa chupa. "Bado, mama."

"Basi irudisheni upesi. Daktari hajamaliza kazi."

Magige aliagiza barafu mpya kabla ya gari kuondoka.