Gunia la Mama na Punje Mia

Asubuhi ile Kisa aliamkia kufagia uwanja. Kumbe mumewe, Angetile, kaamkia kufunga gunia kwenye baiskeli! Lilikuwa gunia la mbegu ya mpunga, aliloachiwa Kisa na marehemu mama yake.

"Baba Eliud, unalipeleka wapi?"

"Mashineni, likakobolewe. Si tulipima wote? Punje kumi za dukani, zimeota tisa. Kumi za mama, zimeota saba. Mbegu hii imechoka."

Moyo ulimuuma Kisa. Hakuna mwingine pale Busale aliyebaki na mbegu ile. Ikikobolewa, ndiyo basi tena. Lakini angebisha nini, na majani ya mgomba waliyooteshea punje hizo aliyafunua kwa mikono yake mwenyewe?

Bahati njema, Hanifa, bibi shamba wa kata, alikuwa anapita. Kisa akamwita, akamweleza yote.

"Shemeji, subiri kidogo," Hanifa akamwambia Angetile. "Pimeni tena gunia hili hili. Punje kumi, mara mbili."

Angetile akaguna, lakini akakubali. Siku ya sita Hanifa akarudi, wakafunua. Fungu la kwanza zilikuwa zimeota tisa, la pili nane.

"Ala! Si gunia lile lile?"

"Ndilo. Saba, tisa, nane, na gunia ni moja. Punje kumi ni chache, shemeji. Ukikuta watu kumi kilabuni, utasema Busale nzima ni walevi?"

Kisa akacheka mpaka akashika kiuno. Angetile naye akatabasamu, maana kilabu alikijua.

Hanifa akawafundisha. Ingiza mkono juu, katikati na chini ya gunia. Changanya. Hesabu punje mia bila kuchagua. Fanya hivyo kwa kila gunia, kisha zioteshe mahali pamoja, kwa maji sawa na siku sawa.

Wiki iliyofuata wakahesabu. Za dukani tisini na moja. Za mama themanini na nane.

"Bado za dukani zimeshinda," Angetile akasema, ila sauti ilikuwa imepungua.

"Kwa tatu tu katika mia. Pengo dogo hivyo hata bahati huleta. Zingeota sabini, ningekwambia kakoboe. Sisemi zinalingana kabisa. Nasema kipimo hiki hakijaonyesha tofauti ya kuaminika."

"Ndaga fijo, dada," Kisa akashukuru. Alihisi mzigo umemtoka kifuani.

Wakapanda mbegu ya mama. Mvua zikanyesha vizuri, na mpunga ukaota shamba zima.

Siku ya mavuno, Kisa alikuwa bado anapepeta. Angetile akachagua mpunga uliokauka vizuri, akaujaza kwenye gunia safi, akalifunga kwa kamba mpya.

"Hii ni mbegu ya mama," akasema. "Mtu asije akaniambia imechoka kabla hatujahesabu mia."

Kisa akaendelea kupepeta. Machozi ya furaha yalikuwa yanadondokea kwenye ungo.